Kubwa kwa Kipimo Gani?

Mtoto wa miaka tisa habembelezwi kupenda rekodi. Mwulize mlima upi unaizidi milima yote ya Afrika, ziwa lipi ni kubwa kuliko mengine, nani aliyekimbia kasi kuliko wote, naye atakujibu kabla hujamaliza swali. Hamu hiyo ndiyo mlango wa kuingilia somo la takwimu, na inaniuma kuona jinsi tunavyoupita bila kuufungua. Tunaanza na maana ya data, tunaandika kanuni ya wastani ubaoni, watoto wananakili, kipindi kinaisha. Rekodi nilizozikusanya hapa zimechaguliwa kwa sababu moja: kila moja inamlazimisha mtoto aulize ni kitu gani kilichohesabiwa au kupimwa, na kwa namna gani, kabla hajamtaja mshindi.

Ziwa kubwa kuliko yote

Mtoto wa Mwanza atasema Victoria, na yuko sahihi. Kwa eneo, Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na hakuna ziwa Afrika linalolifikia. Lakini mtoto wa Kigoma naye ana haki ya kubisha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na hakuna ziwa la maji baridi duniani lililo refu kuliko hilo. Kina chake kinafika mita 1,470, wakati Victoria, pale penye kina kirefu kabisa, haizidi sana mita 80. Ukilinganisha maji yaliyomo, Tanganyika inabeba takriban mara saba ya maji ya Victoria. Halafu anasimama mtoto wa Mbamba Bay na kusema kwamba kwa aina za samaki, Ziwa Nyasa linayashinda maziwa yote duniani. Naye hajakosea.

Waacheni wabishane. Ubishi huo unafundisha kuliko fasili yoyote, kwa sababu watoto wataligundua wenyewe jambo ambalo vitabu hulieleza kwa maneno mazito: eneo, urefu, kina na ujazo hupimwa, bali aina za samaki huhesabiwa. Kina kinaweza kuwa mita 79 na nusu. Aina za samaki haziwezi kuwa mia saba na nusu. Data za kuhesabu huruka kutoka namba nzima hadi namba nzima. Data za kupima hupita kila mahali katikati, na usahihi wake hutegemea kifaa ulichoshika.

Kilimanjaro ni ushahidi mzuri wa hilo la mwisho. Mita 5,895 tulizokariri wote shuleni zilitokana na upimaji wa mwaka 1952. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 na 2008 vilitoa namba iliyo pungufu kwa mita chache. Rekodi ya Afrika haikutikisika hata kidogo, lakini mtoto anayejua habari hii hatashangaa wanafunzi wawili wakipima dawati moja kwa rula na kupata majibu yanayotofautiana kwa nusu sentimeta. Atajua kwamba hiyo ni tabia ya vipimo, na kwamba kupima tena ni kazi halali.

Mbio bora kwa somo moja

Ningeambiwa nichague tukio moja tu la kufundishia takwimu za mwanzo, ningechagua fainali ya wanaume ya mita 800 katika Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012. David Rudisha wa Kenya aliongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumvutia kasi, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna aliyewahi kukimbia umbali huo chini ya dakika 1 na sekunde 41 kabla yake. Lakini utajiri wa mbio zile kwa mwalimu hauko kwa Rudisha peke yake. Uko kwa wote wanane.

Chora jedwali ubaoni. Safu ya kwanza iwe nchi: Kenya, Botswana, Kenya, Marekani, Marekani, Ethiopia, Sudan, Uingereza. Hizi ni data za makundi, yaani majina tu. Huwezi kujumlisha Kenya na Botswana ugawe kwa mbili. Unachoweza ni kuhesabu jina lipi limerudiwa zaidi, na hapa Kenya na Marekani zimetokea mara mbili kila moja. Hiyo ndiyo modi, na darasa litaona mapema kwamba modi zinaweza kuwa mbili. Ongeza kwa mdomo habari ya namba za kifuani. Namba ya kifuani imeandikwa kwa tarakimu, lakini kazi yake ni ya jina: mwenye namba kubwa hana zaidi ya chochote kuliko mwenye namba ndogo. Namba za simu na namba za jezi ziko katika kundi hilohilo. Watoto wengi hudhani kila penye tarakimu pana hesabu, na ni vizuri dhana hiyo ivunjwe wakiwa bado wadogo.

Safu ya pili ni nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa nane. Hapa kuna mpangilio, lakini mapengo hayalingani. Kati ya Rudisha na Nijel Amos aliyekuwa wa pili kulikuwa na sekunde 0.82. Kati ya wa sita na wa saba ilikuwa sekunde 0.12. Nafasi moja ni nafasi moja, ila mojawapo ni pana karibu mara saba ya nyingine. Mtoto aliyezoea kuambiwa "umekuwa wa tano" kila mwisho wa muhula anastahili kuliona hili kwa macho yake. Nafasi inaficha umbali. Aliyekuwa wa nane siku ile, Andrew Osagie, alitumia dakika 1 na sekunde 43.77, muda ambao ungetosha kushinda fainali za Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Alikuwa wa mwisho, na alikuwa na kasi kuliko mabingwa watatu wa Olimpiki zilizotangulia. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivi kwa nini ripoti ya shule isiishie kwenye nafasi.

Safu ya tatu ni muda, na hapo ndipo hesabu inapopata kazi: 1:40.91, 1:41.73, 1:42.53, 1:42.82, 1:42.95, 1:43.20, 1:43.32, 1:43.77. Badilisha zote ziwe sekunde, jumlisha, gawa kwa nane: wastani ni 1:42.65. Watoto waangalie ni wangapi walioushinda wastani huo. Ni watatu tu. Watano wako nyuma yake. Kwa nini? Kwa sababu Rudisha ameuvuta kuelekea kwake. Tafuta sasa muda wa katikati, yaani mediani, kati ya wa nne na wa tano, nao ni karibu 1:42.89. Kisha mfute Rudisha kwenye jedwali ufanye hesabu upya. Wastani unasogea takriban robo sekunde. Muda wa katikati unasogea kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Darasa la sita wanaweza kuifanya hesabu hii kwa penseli, na wakimaliza watakuwa wameelewa tofauti ya wastani na mediani kuliko ambavyo ningeweza kuwaeleza kwa kurasa kumi. Modi ya muda haipo, maana hakuna muda uliorudiwa.

Pahali penye joto kuliko pote

Majibu yako mawili tena. Tarehe 10 Julai 1913, kipimajoto cha Furnace Creek katika bonde la Death Valley, Marekani, kilisoma nyuzi 56.7 za selsiasi. Hiyo ni siku moja. Dallol, katika nchi ya Waafar huko Ethiopia, haijafika huko, lakini vipimo vya kati ya mwaka 1960 na 1966 vilionyesha wastani wa mwaka mzima wa zaidi ya nyuzi 34, usiku na mchana, masika na kiangazi. Mmoja ana kilele, mwenzake ana wastani.

Michoro na mifupa

Grafu ya mihimili na ya mistari zina umri mdogo kuliko tunavyodhani. Mskoti William Playfair alizichapisha mwaka 1786, na mwaka 1801 akaleta grafu ya duara. Mihimili ilizaliwa kwa upungufu: kwa biashara ya Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, hivyo hakuwa na miaka ya kuunganisha kwa mstari, akazipa nchi mihimili badala yake. Hata leo kanuni ni hiyohiyo. Kitu kinachobadilika kadiri ya wakati kipe mstari. Makundi yaliyosimama mbalimbali yape mihimili.

Kuweka kumbukumbu ya hesabu, kwa upande wake, ni jambo la kale mno, na limefanyika karibu na kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa huko Ishango, Kongo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, una safu tatu za mikato, na safu mbili kati ya hizo zina jumla ya mikato 60 kila moja. Wataalamu wanabishana mpaka sasa kama ilikuwa kalenda, mchezo wa namba au kitu kingine. Upande wa kusini zaidi, katika milima ya Lebombo, umepatikana mfupa mkongwe kuliko huo wenye mikato 29. Mtoto wa darasa la pili anayechora vijiti vitano vitano kuhesabu baiskeli zinazopita anafanya kazi iliyoanza bara hili.

Hesabu kubwa kuliko zote nchini

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mkoa ulioizidi mingine yote ulikuwa Dar es Salaam, watu 5,383,728. Wastani wa watu katika kaya ulikuwa 4.3, na kila darasa litauliza huyo 0.3 ni nani. Swali hilo lisipuuzwe. Watu ni data za kuhesabu, lakini wastani wao si lazima uwe namba nzima, kwa sababu wastani si kaya ya mtu yeyote.

Ila hesabu ile yote ilisimama juu ya uamuzi uliofanywa kabla: anayehesabiwa ni yule aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, tarehe 23 Agosti. Rekodi nazo husimama vivyo hivyo. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilometa 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia ilishangilia, lakini muda ule haukuingia katika orodha ya rekodi, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na wakimbiaji wa kumwongoza kasi walikuwa wakipokezana njiani. Mwaka 2022 alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, muda mrefu kuliko ule, na huo ukawa rekodi ya dunia.

Kwa hiyo kabla ya kuwatuma watoto kuuliza kaya zao zina watu wangapi, waache waamue kwanza kuhusu kaka aliye bweni, bibi aliyekuja kutibiwa na shangazi anayerudi kila mwisho wa wiki, kisha kanuni iandikwe juu ya jedwali kabla ya namba ya kwanza.