Mwili Mmoja Mbele ya Kamera

Siku ya pili tu ya jaribio lake, Morgan Spurlock alikaa ndani ya gari akiwa na baga, chipsi na soda za kipimo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vikiuzwa dukani. Alianza kwa mzaha. Baada ya muda mzaha ukamwishia, akawa anatafuna kwa shida, mwishowe akatoa kichwa dirishani na kutapika. Mwulize yeyote aliyeitazama filamu yake, *Super Size Me*, zamani anakumbuka nini. Hatakutajia lehemu wala kalori, atakutajia lile dirisha.

Mimi ni mtu wa lishe, na kwa miaka sasa watu wanaingia chumbani kwangu wakiwa wameshapata ushauri kutoka kwenye filamu. Mmoja ameacha nyama, mwingine ameacha wali, mwingine anaishi kwa juisi. Sina ugomvi na filamu za makala ya chakula. Nyingine zimeamsha watu kuliko mabango yetu yote ya kliniki. Ninachotaka kueleza ni kwa nini filamu inaweza kusema kweli kuhusu chakula na bado isiwe imethibitisha chochote. Mfano mzuri kuliko yote ni huyu bwana wa dirishani.

Masharti ya Spurlock yalikuwa mepesi kueleza. Mwaka 2003, kwa siku 30, alikula McDonald's pekee, milo mitatu kwa siku. Kila kilichokuwa kwenye orodha ya vyakula ilibidi akile angalau mara moja. Mwuzaji akimwuliza kama anataka kipimo kikubwa zaidi, sharti akubali. Akapunguza pia kutembea, asizidi hatua 5,000 hivi kwa siku, ili afanane na Mmarekani wa kawaida anayekwenda kila mahali kwa gari. Siku 30 zilipokwisha alikuwa ameongezeka kilo 11 na lehemu yake imepanda kutoka 168 hadi 230. Katikati ya safari, vipimo vya ini vilimtisha daktari wake kiasi cha kumlinganisha na mtu anayejimaliza kwa pombe. Filamu ilitoka 2004, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo McDonald's wakatangaza kuondoa kile kipimo kikubwa, huku wakisisitiza kwamba uamuzi wao hauhusiani na filamu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kwa maelezo ya filamu yenyewe, Spurlock alikuwa akila takribani kalori 5,000 kwa siku, yaani karibu mara mbili ya mahitaji ya mwanamume wa kawaida. Ziada ya kalori 2,500 kwa siku 30 ni kalori 75,000. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba kama kalori 7,700. Gawanya, utapata kilo tisa na ushee. Ongeza maji ambayo mwili huyashikilia mtu anapokula chumvi na wanga kwa wingi, na kilo zake 11 hazina muujiza. Pilau na maandazi ya kalori 5,000 kwa siku, bila kutembea, yangemfikisha hapohapo. Kwa hiyo uzito wake unatuambia alikula kiasi gani. Kuhusu duka alilonunulia, hautuambii lolote.

Mwalimu mmoja wa sayansi huko Iowa, John Cisna, alilionyesha hilo kwa njia ya kinyume. Alikula McDonald's kwa siku 90, lakini wanafunzi wake walimpangia milo isiyozidi kalori 2,000 kwa siku, na akawa anatembea dakika 45. Alipungua kilo kama 17. Baadaye kampuni ikamchukua awe balozi wake, jambo lisilomshangaza yeyote. Basi tuna wanaume wawili na duka moja: huyu kanenepa, yule kakonda. Anayetaka kushinda ubishi barazani atachagua mmoja na kumsahau mwenziwe.

La ini ni gumu zaidi, na ndilo linalonivutia mimi. Mwanzoni mwa filamu Spurlock alimwambia daktari kwamba kwa wakati ule hakuwa akinywa pombe. Desemba 2017 aliandika barua ya wazi ya kukiri makosa yake mbalimbali, na humo akasema alikuwa akinywa tangu umri wa miaka 13, na kwamba kwa miaka 30 hakuwahi kukaa wiki nzima bila kilevi. Ukiwa mtaalamu, hapo unaweka kalamu chini. Vipimo vya ini vinapandishwa na pombe. Vinaweza pia kupandishwa na pombe inayoachwa na kurudiwa, na dawa, na virusi. Kama mtu mmoja alikuwa na sababu mbili mwilini mwake kwa wakati mmoja, hakuna kamera wala maabara itakayozitenganisha baada ya tukio. Shajara ya kila alichokula nayo haikutolewa hadharani, kwa hiyo hata hesabu yangu ya kalori inasimama juu ya neno lake. Spurlock alifariki Mei 2024, akiwa na miaka 53, na swali la kilichoitesa ini lake amekwenda nalo.

Wengi waliposikia habari ya pombe waliitupa filamu nzima. Walikosea, na aliyewaonyesha makosa yao alikuwa amefanya kazi yake Uswidi karibu miaka kumi kabla ya ile barua.

Fredrik Nyström, daktari wa Chuo Kikuu cha Linköping, aliiona filamu akajiuliza swali ambalo mtazamaji hajiulizi: ingekuwaje kwa mtu mwingine? Akakusanya vijana 18 wenye afya njema, wanaume 12 na wanawake sita, wenye umri wa wastani wa miaka 26. Kwa wiki nne walikula vyakula vya haraka angalau mara mbili kwa siku na kuacha mazoezi, lengo likiwa uzito wao uongezeke. Kando yao akaweka kundi la pili la umri uleule, lililoendelea kuishi kama kawaida. Hilo kundi la pili ndilo moyo wa sayansi yote hii, na ndilo filamu haina, kwa sababu hakuna anayelipa kiingilio kuwatazama watu wanaokula kama jana.

Matokeo yalichapishwa 2008 katika jarida la Gut. Wastani wa uzito ulipanda kutoka kilo 67.6 hadi 74. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, ambacho huvuja kwenye damu chembe za ini zinapotaabika, kilipanda kutoka wastani wa 22 hadi kilele cha wastani wa 97. Vijana 11 kati ya 18 walikaa juu ya kiwango cha kawaida kwa muda wote wa jaribio. Na waliokula sukari nyingi ndio walioelekea kupanda zaidi. Lawama haikuangukia mafuta peke yake kama wengi tungedhani. Kwa hiyo tahadhari ya filamu ilikuwa na msingi: kula kupita kiasi kwa wiki chache kunaweza kulitesa ini la kijana mzima. Spurlock alifika penye kweli kwa njia isiyopitika.

Lakini tarakimu ninayoipenda kuliko zote katika utafiti huo haimo kwenye wastani. Kilele cha ALT kwa kijana mmoja kilikuwa 19.4 tu, mtu na ini lake tulivu kama hajala kitu. Kwa mwingine kilifika 447. Wote ni vijana, wote wana afya, na wamelishwa kwa mpango uleule katika mji uleule. Mwongozaji akimchukua wa 447, ana filamu ya kutisha. Akimchukua wa 19, ana tangazo la biashara. Wala hahitaji kusema uongo hata sentensi moja.

Wale waliokulia kwenye vibanda vya video watanielewa haraka. Sinema ilikuwa ya Kihindi au Kichina, na mtafsiri wetu alikuwa amekaa juu ya picha akitueleza nani mbaya, nani kamsaliti nani, huku akitia chumvi pale hadithi ilipolegea. Tulitoka tumemwamini yeye kuliko waigizaji. Filamu ya makala nayo ina mtafsiri wake, tofauti ni kwamba huyu anaongea kwa utaratibu, muziki unamsindikiza, na nyuma yake kuna mtu aliyevaa koti jeupe.

Swali ambalo Spurlock hakuweza kulijibu kabisa ni lile lenye faida kuliko yote: je, vyakula vya aina ile vinatufanya tule zaidi bila kukusudia? Yeye alijilazimisha kula, kwa hiyo jibu alishalifuta kwa masharti yake mwenyewe. Lilimsubiri Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mwaka 2019. Waliwalaza watu wazima 20 hospitalini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya asili, na aliyeanza na kipi iliamuliwa kwa bahati nasibu. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, kisha kila mmoja akaachwa ale apendavyo mpaka ashibe. Wakati wa vyakula vya viwandani walikula zaidi kwa takribani kalori 500 kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Wakati wa vyakula vya asili walipungua karibu kiasi kilekile. Hakuna aliyetapika dirishani. Kwa mwandishi wa filamu ni balaa tupu: watu 20 wodini, wanakula, wanapimwa, wanalala. Kwa mtu wa lishe ni moja ya picha safi kuliko zote tulizo nazo.

Ukiacha kosa la kutegemea mwili mmoja, kosa la pili la filamu hizi ni la lugha, na hili linafika mpaka majumbani kwetu. *What the Health* ya 2017 iliibeba habari ya kweli: Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, wenye makao yake Lyon, uliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku. Mtazamaji akaelewa kwamba soseji ni sigara. Makundi yale hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima uthabiti wa ushahidi kwamba hatari ipo. Kwa makadirio ambayo Shirika lenyewe liliyanukuu, vifo vya saratani vinavyoweza kuhusishwa na ulaji mwingi wa nyama zilizosindikwa ni kama 34,000 kwa mwaka duniani. Vya tumbaku ni kama milioni moja. Tembo na sungura wote ni wanyama kwa hakika ileile, lakini shambani hasara zao hazilingani.

Filamu hiyohiyo ilisema kula yai moja kwa siku ni sawa na kuvuta sigara tano. Hakuna aliyewahi kuchukua watu, nusu akawalisha mayai, nusu akawavutisha sigara, halafu akahesabu. Na hata kama wasiwasi wa lehemu ya kiini cha yai unamhusu mzee mwenye kisukari na mishipa iliyoziba, haumhusu kila mtu kwenye kila meza. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Shida ya sahani zao ni uji mtupu.

Mama mmoja alinijia na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, uzito umesimama kwa miezi mitatu. Alikuwa akimpa yai kila siku, la kuku wake mwenyewe, mpaka dada yake alipomtumia kipande cha ile filamu kwenye simu.

"Dokta, eti yai ni kama sigara tano?"

Nikamwambia mtoto arudishiwe yai lake leo hii, na uji utiwe karanga. Halafu nikamwuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Baba yake. Lakini anavutia mlangoni, wala si ndani kabisa."

"Ngapi kwa siku?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, na mkono mmoja haukutosha.