Goma: Tanki ya maji nyumbani, mambo ambayo jamaa nyingi hazikuambiwa siku ya kuinunua

Mjini Goma ziwa liko karibu, lakini robine zinakauka. Hilo halishangazi tena wakaaji. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, hauna mto unaoupitia, na kuchimba kisima katika mawe hayo ni kazi ngumu na ya gharama. Maji ya Régideso yanavutwa kutoka Ziwa Kivu kwa pompi za umeme, yanapandishwa mpaka kwenye tanki kubwa za mji, kisha yanashuka kwa tiyo hadi katani. Umeme ukikatika, pompi zinasimama. Pompi zikisimama, robine inatoa upepo tu.

Wakaaji wamepitia hayo zaidi ya mara moja. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ilipolipuka, lava iliharibu tiyo na tanki kubwa ya maji upande wa kaskazini wa mji, na sehemu kubwa ya Goma ikabaki bila maji. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano mjini, umeme ulikatika tena, maji yakafuata, na watu wengi wakarudi ziwani na bidoni zao za njano.

Ndiyo maana tanki za plastiki zinaonekana leo katika viwanja vingi, kuanzia Himbi hadi Majengo. Asiye na uwezo wa kununua tanki ana pipa. Mwenye nyumba ya zamani ana siterne ya sima. Kila mmoja anapoona maji yamejaa hadi juu, anapumua na kusema shida imekwisha. Lakini tanki haisafishi maji, inayaweka tu. Kilichoingia kikiwa kichafu kitabaki humo, na mara nyingi kitazidi. Katika mji ambako kolera haijawahi kuondoka kabisa, hilo si jambo dogo.

Uzito ambao watu wanausahau

Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tanki ya litre 1000 ikijaa ni tani nzima, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Kuna wanaoiweka juu ya mbao nne na matofali yaliyopangwa bila sima, karibu na mahali watoto wanapochezea. Mvua ikilainisha udongo upande mmoja, tani hiyo inainama. Wengine wanaiweka moja kwa moja juu ya mawe ya lava, ambayo ni makali: plastiki inakaa miezi, kisha inapasuka chini, na maji ya juma zima yanakwenda usiku mmoja. Tanki inahitaji kitako kilichonyooka, cha sima, kipana kuliko tanki yenyewe.

Kuiinua juu kuna faida yake. Maji yanashuka kwa nguvu ya urefu: mita 10 zinatoa kipimo kimoja cha bar. Tanki iliyo mita 3 juu ya robine inatoa sehemu tatu za kumi tu za bar. Inatosha kujaza bidoni na kuoga polepole, lakini haitoshi kwa mashine ya kufua ao kwa duche yenye nguvu. Fundi anayeahidi kinyume, bila kuongeza pompi, anadanganya.

Na kabla ya kununua, hesabu moja ifanywe. Jamaa ya watu 7 wanaotumia litre 20 kila mmoja kwa siku inahitaji litre 140. Tanki ya litre 1000 itawafikisha siku 7, wakijizuia. Kama katani maji yanakuja mara moja kwa majuma mawili, tanki hiyo moja haitoshi, hata ikiwa muuzaji anasema ni kubwa.

Maji yanayotoka juu

Mvua ndiyo maji ya bure, na Goma inapata mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre moja. Nyumba yenye manjanja ya metre 40 za mraba, ikipata mvua ya milimetre 20, inapokea litre 800. Toa zile zinazomwagika kando na zinazokauka, bado zaidi ya litre 600 zinaweza kuingia katika tanki kwa mchana mmoja.

Lakini maji ya kwanza hayafai. Yanaosha vumbi, mavi ya ndege, majani na moshi wa makala uliokaa juu ya manjanja tangu mvua ya mwisho. Wanaojua wanaacha dakika za kwanza zimwagike chini, ndipo wanaelekeza tiyo kwenye tanki. Wengine wanaweka kipande cha tiyo kilichosimama, kilichofungwa chini, kinachojaa kwanza maji hayo machafu. Kikijaa, maji safi yanaendelea mbele kwenda tankini. Baada ya mvua, kifuniko cha chini kinafunguliwa na uchafu unatoka. Fundi yeyote wa mtaa anaweza kukitengeneza kwa tiyo iliyobaki kazini.

Kuna jambo lingine, na hili ni la kwetu peke yetu hapa. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ambazo mvua inazishusha. Upepo mara nyingi unaupeleka moshi huo magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani yake inakuwa na asidi inayokula manjanja, na inaweza kubeba fluore nyingi. Mtoto anayekunywa fluore nyingi miaka ambayo meno yake yanaumbika anaota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa kupiga mswaki. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka kipimo cha milligramu 1.5 kwa litre kuwa mwisho. Kuchemsha hakusaidii hapa, kinyume chake: maji yanapungua katika sufuria na fluore inabaki. Klore vile vile haiiondoi. Kwa jamaa zinazoishi chini ya moshi huo, maji ya mvua yafue nguo na kuosha nyumba, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine kila inapowezekana.

Maji ya ziwa na ya kamyo

Maji ya Ziwa Kivu yanaonekana safi, na hapo ndipo yanapodanganya. Mahali ambapo watu wanachota ndipo wengine wanafua, wanaoga na kuosha samaki. Vijidudu vya kolera havibadilishi rangi ya maji wala ladha yake. Ndiyo sababu kwenye pwani, nyakati za hatari, kunakuwa watu wanaotia klore katika kila bidoni kwa sindano kabla haijabebwa. Anayewapita haraka ili awahi nyumbani, kisha anamwaga bidoni yake katika tanki ya jamaa nzima, amechafua si litre 20 bali litre zote zilizokuwa humo.

Kamyo ya maji nayo iulizwe maswali. Maji yametolewa wapi? Yametiwa klore? Tiyo inayoingizwa katika tanki imeburuzwa chini kwenye matope kabla ya kufika? Wengi wanaangalia bei tu. Tiyo chafu inatosha kuharibu maji yaliyotoka yakiwa mazuri.

Kuhusu zile tanki nyeupe za litre 1000 zilizo ndani ya kizimba cha chuma, ambazo zinauzwa zikiwa zimekwisha kutumika: nyingi zilibeba dawa za viwanda. Kama muuzaji hawezi kuonyesha zilibeba nini, zisitumike kwa maji ya kunywa, hata zikioshwa mara kumi. Tena zinapitisha mwanga wa jua, na mwanga ndio unaootesha majani ya kijani ndani ya maji. Tanki nzuri ni ile isiyopitisha mwanga, yenye kifuniko kinachofungika, na yenye wavu mdogo kwenye tiyo ya hewa na ya kufurikia ili mbu wasiingie kutaga mayai.

Pompi inayonyonya tiyo ya mji

Katika kata nyingi kuna tabia ambayo majirani wanagombania: mtu anafunga pompi moja kwa moja kwenye tiyo ya Régideso ili avute maji kabla ya wengine. Ubaya wake si wivu tu. Pompi inaponyonya tiyo ambayo haina nguvu ya maji ndani, kila tundu la tiyo hiyo linavuta kinachoizunguka: maji ya mtaro, tope, hata ya choo. Uchafu huo unaingia kwanza katika tanki ya huyo mwenye pompi, kisha unasambaa kwa majirani.

Njia iliyo sawa ni kuacha maji yaingie yenyewe katika tanki ya chini, yenye floteri inayofunga ikijaa, kisha pompi ivute kutoka tanki hiyo kwenda ile ya juu. Klape iwekwe ili maji yasirudi nyuma. Na pompi isizungushwe bila maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza; dakika chache za kuzunguka kavu zinatosha kuiunguza.

Huko Ulaya kuna watu wanaosafiri majuma mazima katika gari-nyumba, ile ambayo Wafaransa wanaiita camping-car. Maji yao yote yako katika tanki ya litre 100 hivi, na pompi ndogo ya volti 12, ile ya betri, inayaleta kwenye robine. Wanapita katika inchi ambazo robine hazikauki, lakini wana nidhamu ambayo ingefaa Goma: tiyo ya kujazia maji safi haikutani kamwe na ile ya kuoshea choo, tanki inatiwa dawa kabla ya safari ya kwanza ya mwaka, na maji yaliyolala muda mrefu yanamwagwa bila huruma. Kumwaga maji Goma kunauma zaidi, hilo linaeleweka.

Kuosha tanki

Mara mbili kwa mwaka ni kiasi kizuri, na kila mara baada ya maji yenye tope kuingia. Subiri siku ambayo tanki inakaribia kwisha. Fungua tiyo ya chini, toa tope lililolala, sugua kuta kwa brosi na sabuni, suuza. Robine ya kutumia inapaswa kuwa santimetre kadhaa juu ya chini ya tanki ili tope lisifuate maji. Ya kusafishia iwe chini kabisa.

Baada ya hapo inakuja dawa. Kwa klore ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, kipimo ni gramu 80 kwa kila litre 1000 za ukubwa wa tanki. Maji safi yatiwe kwanza hadi robo, unga uongezwe, tanki ijazwe, ifungwe, na iachwe saa 24. Robine za nyumba zifunguliwe hadi harufu ya klore isikike, ili tiyo nazo zipate dawa. Maji hayo si ya kunywa, na yasimwagwe ziwani wala shambani.

Siterne ya sima isiingiwe na mtu mmoja peke yake. Hewa ya chini inaweza kukosa, na anayeanguka humo haiti. Mtu wa pili abaki juu, na kamba. Unga wa klore usichanganywe na asidi ao dawa nyingine ya kuosha: gesi inayotoka inaua.

Kwa maji ya matumizi, hesabu ni ndogo sana: gramu 3 hivi za unga ule ule kwa litre 1000 za maji yanayoonekana safi, zilizokorogwa kwanza katika ndoo, kisha kungoja nusu saa. Maji yenye tope yaachwe yatulie na yachujwe kwa kitambaa kwanza, kwa kuwa tope linakula klore. Nani ana mizani ya gramu 3 nyumbani? Wachache. Kwa hiyo jamaa nyingi zinafanya vizuri zaidi zikitia dawa katika bidoni ya kunywa peke yake, kwa vidonge, zikifuata kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Bidoni hiyo iwe na mdomo mwembamba ao robine, na kikombe kisichovywe ndani. Klore nayo haidumu: maji yaliyotiwa dawa Jumatatu, yakikaa katika chombo kinachofunguliwa kila saa, kufikia Alhamisi hayana tena kinga.