Luvungi: Kupanga chakula cha nyumbani kunaanzia kwenye mfuko wa unga

Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, teritware ya Uvira, jamaa nyingi hulima mihogo, mahindi na mpunga. Mavuno yakiuzwa yote kwa haraka, mwenye shamba hurudi sokoni kununua chakula kilekile kwa bei ya juu.

Kupanga kunaanza na hesabu ndogo. Jamaa inayopika kilo 2 za unga wa bugali kwa siku humaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku 25. Hapo mama na baba wanajua mifuko ya kubakiza hadi mavuno mengine, na ile ya kuuza kwa minervali ya watoto.

Sombe na maharagi hupangwa kwa juma. Ndagala kavu huwekwa akiba. Vita vikifunga barabara ya Bukavu–Uvira, kilichopo nyumbani ndicho kitakachopikwa.