Ndege wawili wa ukoo moja, na maji yetu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa kamp, ukifika ku ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, utaona ndege kidogo wa manjano anasuka nyumba yake mu majani ya maji. Dume ana uso mweusi na kifua rangi ya kutu. Wenye elimu ya ndege wanamuita Ploceus ruweti.

Ndugu yake, Ploceus reichardi, anakaa Tanzania kusini-magharibi na Zambia upande wa karibu. Naye ana uso mweusi, na kutu ku kifua. Wanafanana sana, hata wengine wanasema ni ndege moja tu. Lakini reichardi alijulikana tangu 1886. Wetu alipata jina 1982, juu ya ndege moja tu aliyekamatwa 1960. Wakamuona tena 2009. Na anajulikana hapa tu, ku Lufira.

Ziwa lenyewe ni mtoto wa mine: barrage ya Mwadingusha ilijengwa ili viwanda vipate umeme. Baba zetu walitoa jasho pale. Leo mto Panda unateremsha uchafu wa viwanda mpaka mule.

Reichardi akikosa maji hapa, ana pengine. Wetu hana. Na sisi pia hatuna: samaki tunakulaka inatoka mu maji ile ile. Kwa hiyo, kamarade, tukikaa na wakubwa wa kazi, tusiongee mushahara peke yake. Tuseme na maji.