Mvumo wa Matairi: Namna ya Kuchagua Tairi Jipya la Gari la Starehe

Mercedes-Benz ya aina ya W124, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo hata leo huonekana katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ni gari lililobuniwa ili abiria wake wapate kuzungumza bila kupaza sauti. Springi zake ni laini, milango yake ni mizito na sakafu yake imetandikwa vizuia-sauti. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mwenye gari la namna hiyo akilalamika gerejini kwamba gari lake limeanza kunguruma kama lori. Beringi hufunguliwa, bushi hubadilishwa, shokomzoba mpya hufungwa, na mngurumo hauondoki. Aghalabu chanzo chake ni kile ambacho mwenye gari alikinunua mwenyewe wiki chache zilizopita kwa sababu kilikuwa na bei nafuu, yaani matairi manne.

Tairi ndicho kiungo pekee cha gari kinachogusa barabara. Gari lenye uzito wa kilo 1500 hukalia madoa manne ya mpira, na kila doa lina eneo lisilozidi sana lile la kadi ya posta. Hesabu yake ni rahisi: kila gurudumu hubeba karibu kilo 375, na hewa iliyomo hukandamiza kwa nguvu ya karibu kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo doa ni la sentimita za mraba 170 hivi. Katika eneo hilo dogo ndimo mnamotokea kushika barabara, kusimama, kukata kona, na pia kelele zote zinazohusika na makala haya.

SAUTI HUTOKA WAPI?

Gari likienda polepole, sauti kubwa ni ya injini. Likishapita mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, sauti ya matairi huanza kuishinda ile ya injini, na katika barabara kuu ndiyo inayotawala.

Sauti hiyo ina asili zaidi ya moja. Kwanza, uso wa tairi umekatwakatwa kuwa vipande vya mpira, ambavyo mafundi huviita kashata, na kila kipande hupiga lami kinapoifikia. Tairi la kipimo cha 195/65 R15, ambalo ndilo lililofungwa katika W124 nyingi, huzunguka karibu mara 13 kwa sekunde gari likienda kilomita 90 kwa saa. Tuseme kuna kashata 60 zilizo sawasawa katika mzunguko mmoja: barabara itapigwa mara 780 kwa sekunde, na sikio litausikia mlio mmoja mkali usiokatika, kama wa king'ora cha mbali. Ndiyo maana viwanda vyenye ujuzi huzitengeneza kashata zikiwa na urefu mbalimbali, fupi, ndefu na za kati, kwa mpangilio usio na utaratibu wa dhahiri. Nguvu ya sauti haipungui sana kwa njia hiyo, bali hutawanywa katika milio mingi, na sikio la binadamu huvumilia uvumi uliotawanyika kuliko mlio mmoja. Mnunuzi anaweza kulikagua jambo hili dukani kwa macho yake: tairi ambalo kashata zake zote zinalingana kabisa lina dalili ya kuwa na kelele.

Pili, hewa iliyo katika mifereji ya tairi hubanwa kila kashata inapolaliwa na uzito wa gari, kisha hufyatuka. Mifereji mipana iendayo upande kwa upande hutoa sauti zaidi kuliko mifereji myembamba. Tatu, na hili husahauliwa na wengi, hewa iliyofungiwa ndani ya tairi nayo huvuma. Tairi ni bomba lililopindwa likawa pete. Katika tairi la kipimo kilichotajwa, mzunguko wa pete hiyo ya hewa ni mita 1.6 hivi, na kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hewa hiyo hutetemeka karibu mara 215 kwa sekunde kila gurudumu linapopiga shimo au kiungo cha daraja. Huo ndio mlio kama wa ngoma tupu usikikao pindi gari linapopita juu ya viungo hivyo.

BARABARA MBILI, MATATIZO MAWILI

Sauti huingia ndani ya gari kwa njia mbili. Milio ya juu hupita hewani, hupenya vioo na mipira ya milango. Mingurumo ya chini hupanda kupitia rimu, ekseli na bodi, na huhisiwa miguuni na katika usukani sawa na inavyosikika masikioni. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa uchaguzi wote.

Mtu anayeendesha zaidi katika lami laini ya mjini husumbuliwa na milio ya juu, na dawa yake ni mpangilio wa kashata. Lakini barabara kuu nyingi za Afrika Mashariki zimetandikwa lami juu yake ikamwagiwa kokoto na kushindiliwa. Barabara ya namna hiyo hutikisa tairi lote. Hapo mpangilio wa kashata hausaidii sana. Kinachosaidia ni ubavu wa tairi ulio mrefu na unaonyumbuka, pamoja na mpira laini. Tairi lililosifiwa kwa utulivu katika nchi yenye barabara nyororo huweza kunguruma vibaya likifika kwenye kokoto, na sifa zile hazikuwa za uongo.

Urefu wa ubavu husomeka katika maandishi ya tairi lenyewe. Katika 195/65 R15, namba 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, yaani milimita 127 hivi. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wenye magari wengi hupenda rimu kubwa zenye kung'aa. Lakini kipenyo cha nje cha tairi hakina budi kubaki kilekile, la sivyo kipimo cha mwendo kitasema uongo. Kwa hiyo kila inchi inayoongezwa kwenye kipenyo cha rimu huondoa nusu inchi ya urefu wa ubavu. Gari lenye 225/60 R16 lina ubavu wa milimita 135. Likivishwa 245/45 R18, kipenyo cha nje hubaki karibu vilevile, lakini ubavu huwa milimita 110 tu. Sentimita mbili u nusu za hewa zimetoweka, na hewa ndiyo springi ya kwanza ya gari. Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la hewa huko Uingereza mwaka 1845, na John Boyd Dunlop alilibuni upya huko Belfast mwaka 1888, wote wawili wakitafuta jambo hilohilo: kukalia hewa badala ya kukalia mpira mgumu. Anayenunua rimu kubwa kwa ajili ya urembo hurudi nyuma hatua kadhaa katika historia hiyo. Ikiwa breki za gari zinaruhusu, kurudi kwenye rimu ndogo iliyokubaliwa na mtengenezaji huleta utulivu kuliko kubadilisha jina la kiwanda cha matairi.

Adui mwingine wa ulaini ni tairi linaloweza kwenda bila upepo, lililofungwa kiwandani katika magari mengi ya anasa ya miaka ya karibuni. Mbavu zake zimeimarishwa ili zibebe gari kwa kilomita 80 hivi hata baada ya pancha, na mbavu hizo ngumu hupeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye mwili. Mwenye gari akiamua kufunga matairi ya kawaida atapata nafuu kubwa, lakini akumbuke kwamba gari lake huenda halina nafasi wala kifaa cha tairi la akiba.

UTULIVU WA HATARI

Kuna njia tatu za kupata ulaini ambazo huweza kuua.

Ya kwanza ni kupunguza upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulainika kweli, lakini mbavu zake hukunjwa kupita kiasi kila linapozunguka, joto hupanda, na nyuzi huanza kuachana na mpira. Katika jua la mchana, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, tairi hilo hupasuka. Mvua nayo ina hesabu yake. Walter B. Horne wa shirika la NASA la Marekani alionyesha katika miaka ya 1960, kwa majaribio ya matairi ya ndege, kwamba mwendo ambao tairi huinuliwa na maji hutegemea upepo uliomo. Kwa kanuni yake, tairi lenye upepo wa paundi 32 huanza kuelea juu ya maji mengi kwenye mwendo wa kilomita 94 hivi kwa saa. Likiwa na paundi 20 huelea kwenye kilomita 74. Gari lililoinuliwa hivyo halisikii usukani wala breki.

Ya pili haielezwi na wauzaji: tairi kipara huwa kimya. Katika lami laini tairi lisilo na mifereji halina hewa ya kufyatua wala kashata za kupiga, na mwenye gari huweza kudhani kwamba limezoea barabara. Lakini mifereji ipo kwa ajili ya maji. Tairi lenye upana wa milimita 195 likikanyaga maji yenye kina cha milimita 3 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa hukutana na lita 14 hivi za maji kila sekunde, na maji hayo lazima yapate pa kwenda. Nchi za Ulaya zimeweka kina cha milimita 1.6 kuwa mwisho wa matumizi. Busara ni kubadilisha mapema zaidi kabla ya masika.

Ya tatu ni tairi la theluji. Magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani wakati mwingine hufika na matairi ya majira ya baridi, na matairi hayohayo huuzwa kama mitumba. Yakibonyezwa kwa kidole gumba ni laini, nayo husifiwa kwa ulaini huo. Mpira wake ulichanganywa ili usigande katika baridi. Katika lami yenye joto huchakaa upesi, na gari hukawia kusimama. Hutambulikana kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji au kwa neno STUDLESS ubavuni.

KUSOMA UBAVU NA KIBANDIKO

Baada ya kipimo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Katika 91V, namba 91 ina maana ya kilo 615 kwa tairi moja, na V ni kilomita 240 kwa saa. Si vyema kushuka chini ya namba aliyoweka mtengenezaji wa gari, hata kama mwenye gari hakimbii. Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukikaa ghalani, na mpira mgumu huongeza kelele na kupunguza kushika barabara. Tairi "jipya" la miaka sita si jipya.

Matairi yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya yana kibandiko cha lazima tangu mwaka 2012, ambacho kilirekebishwa mwaka 2021. Kina daraja la kushika barabara yenye maji, A hadi E, pamoja na kelele kwa desibeli. Ni vema kufahamu kwamba kelele hiyo hupimwa na vipaza sauti vilivyo kando ya barabara, wala si ndani ya gari. Kibandiko kinamhusu jirani wa barabara. Abiria kinamwambia machache. Kwa hiyo asemaye kwamba tairi la desibeli 69 litakuwa kimya kuliko la 71 kwa mwenye kuketi ndani amesema zaidi ya alichopima. Daraja la maji, kinyume chake, lipewe uzito mkubwa. Miongoni mwa matairi yaliyokusudiwa safari za starehe, kama vile Michelin Primacy, Bridgestone Turanza na Yokohama Advan dB, si lazima mtu auze usalama ili anunue utulivu.

Baadhi ya viwanda hubandika sponji ndani ya tairi ili kuua ule mvumo wa ngoma tupu. Hufanya kazi kwa mvumo huo mmoja, si kwa kokoto. Na fundi wa pancha hana budi kuibandua mahali penye tundu kabla ya kuliziba.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari apitishe kiganja juu ya matairi ya zamani, kwanza kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Ikiwa upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, mngurumo ulikuwa wa tairi lililolika vibaya, na alaimenti lazima inyooshwe la sivyo matairi mapya yatafuata njia hiyohiyo. Ikiwa sauti hubadilika gari linapoegemea kushoto au kulia katika kona ndefu, beringi ndiyo ya kushukiwa. Balansi nayo isiachwe: gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 15 huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 4 katika mwendo wa kilomita 90, mara 13 kila sekunde.

Na mwenye fedha za matairi mawili tu ayafunge nyuma, hata kama gari lake huendeshwa na magurudumu ya mbele. Tairi la mbele likiteleza dereva hulihisi katika usukani na kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, gari huwa limekwisha kugeuka.