Kununua na Kutumia Kiigizi cha Amplifaya ya Gitaa

Kwaya au bendi hukusanya michango kwa miezi kadhaa, kisha mjumbe mmoja hutumwa mjini kununua kile kisanduku ambacho muuzaji amekisifu kwamba kina "amplifaya mia moja ndani yake". Dukani kisanduku hulia vizuri. Kikifika ukumbini na kuunganishwa, gitaa la solo hulia kama nyigu waliofungiwa kwenye debe, na gitaa la besi halisikiki noti zake, ila vioo vya madirisha hutetemeka. Mjumbe hulaumiwa, muuzaji hulaumiwa, na mara nyingi kifaa chenyewe hakina kasoro yoyote. Makala hii inaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, kwa nini sauti yake hubadilika kinapohamishwa, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyahakikisha kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Gitaa la umeme peke yake hutoa sauti hafifu. Sauti tuliyoizoea kwenye muziki hutokana na vitu vitatu vinavyofuatana: amplifaya, spika pamoja na kasha lake, na maikrofoni iliyowekwa mbele ya kasha hilo wakati wa kurekodi. Kiigizi hupokea umeme unaotoka kwenye gitaa, huupima maelfu ya mara kwa kila sekunde, kisha kwa njia ya hesabu huubadilisha kama vile ambavyo vitu hivyo vitatu vingeubadilisha. Teknolojia hii si ngeni. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa kifaa chake kiitwacho POD mwaka 1998. Axe-Fx ya Fractal Audio ilifuata mwaka 2006, na Kemper ya Ujerumani mwaka 2011. Leo ipo hata programu ya bure ya kompyuta, Neural Amp Modeler, ambayo sauti zake hazioni haya mbele ya vifaa vya bei kubwa. Kwa hiyo bei peke yake si kipimo cha kutegemewa, na kifaa kilichotumika miaka kumi bado kinaweza kuitumikia bendi yako vyema.

Kasha la spika ndilo jambo kuu

Hapa ndipo manung'uniko mengi yanapoanzia, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Spika ya inchi 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya ya gitaa haitoi sauti zote. Ukipita takriban hezi 5,000, nguvu yake huporomoka. Huo si udhaifu, kwani ndio unaochuja ukali wa mkwaruzo na kuacha sauti iliyoiva. Spika za ukumbi, zile zinazounganishwa na mikseri ya waimbaji, zimeundwa kwa lengo tofauti: hufika karibu na hezi 20,000 ili kila silabi ya mwimbaji isikike wazi. Ukiipeleka sauti ya amplifaya iliyoigwa kwenye spika hizo bila kuiga pia kasha la spika, ukali wote uliopaswa kuchujwa hupita. Hao ndio nyigu wa kwenye debe.

Kwa sababu hiyo viigizi vingi vina sehemu ya pili inayoiga kasha na maikrofoni. Kwenye kifaa sehemu hiyo huandikwa CAB au IR. Kifaa kikiunganishwa na mikseri, spika za ukumbi au hedifoni, sehemu hiyo iwashwe. Kikiunganishwa na amplifaya ya gitaa yenye spika yake, izimwe, kwa kuwa spika halisi ipo tayari, na kuichuja sauti mara mbili huifanya iwe butu kama inayotoka chini ya blanketi. Amplifaya nyingi za gitaa zina pia tundu la nyuma lililoandikwa RETURN. Kama lipo, chomeka kiigizi humo badala ya tundu la mbele la gitaa. Tundu la mbele huipitisha sauti katika amplifaya mbili, ya kuigwa na ya kweli, na kila moja huongeza tabia yake juu ya tabia ya mwenzake.

Muuzaji kwa kawaida hukuonyesha kifaa kwa hedifoni au kwa amplifaya ndogo iliyopo kaunta. Jaribio hilo halikuhusu ikiwa wewe utakitumia na mikseri. Omba kijaribiwe kwenye spika za aina moja na zako. Ikiwezekana nenda na gitaa lako na waya wako. Uliza pia kama kifaa kinakubali kuongezewa mafaili ya makasha kutoka nje, maana baadhi ya vifaa vya bei nafuu havikubali. Kwa maoni yetu sifa hiyo ina thamani kuliko orodha ndefu ya amplifaya, kwani kubadilisha faili la kasha aghalabu hugeuza sauti zaidi ya kubadilisha amplifaya yenyewe, na mafaili mazuri ya bure yapo mengi.

Majina na idadi

Mnunuzi hushangaa kukuta ndani ya kifaa majina asiyoyajua. Watengenezaji hawana ruhusa ya kutumia alama za biashara za wengine, hivyo huyaficha majina. Kwenye vifaa vya Line 6 vya jamii ya Helix, mathalani, "US Double" ni mwigo wa Fender Twin Reverb, "Jazz Rivet 120" ni Roland JC-120, na "SV Beast" ni Ampeg SVT, ile amplifaya ya besi ya wati 300 iliyotoka mwaka 1969. Huo si udanganyifu. Udanganyifu ni pale muuzaji anapodai kwamba kifaa kimetengenezwa na kampuni ambayo haikukitengeneza.

Kwa mpigaji wa muziki wetu wa dansi, majina mawili ya kwanza yangetosha. Mtindo wa magitaa kujibizana, solo, solo la pili, rhythm na besi, hutaka sauti safi ambayo kila noti yake inahesabika. Mipangilio ya kiwandani, kwa upande wake, aghalabu huvutia mtu anayepiga peke yake: mkwaruzo mwingi, mwangwi mrefu, sauti nzito iliyokuzwa. Ndani ya bendi mapambo hayo humezana. Anza na amplifaya safi, punguza geini mpaka sauti ikaribie kuwa nyembamba mno, zima mwangwi, kisha ongeza kidogo kidogo huku wenzako wakipiga. Gitaa la rhythm lipunguzwe chini ya hezi 150 hivi ili lisigombane na besi, na solo lipewe nafasi yake kwenye hezi 2,000 hadi 3,000. Wapiga gitaa wawili wakitumia mpangilio uleule mmoja, msikilizaji hatawatofautisha hata wakipiga vitu viwili.

Liko pia suala la kiwango cha sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwa vipimo kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa: sauti inapokuwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na sauti nzito, na kwa kiasi fulani zile kali sana. Anayetengeneza mpangilio usiku kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala, huongeza besi na ukali bila kujijua. Kesho yake ukumbini, sauti ikipandishwa, vyote viwili hufurika. Mpangilio wa ukumbini utengenezwe ukumbini.

Gitaa la besi

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa bila kubonyezwa, hutoa takriban hezi 41. Wa tano, kwenye besi ya nyuzi tano, hezi 31. Spika nyingi ndogo za ukumbi haziwezi kutoa sauti hizo kwa nguvu. Tunachokisikia kama besi kwenye spika hizo ni sauti zinazoambatana na noti yenyewe, kwenye hezi 82, 123 na kuendelea. Anayeongeza sauti nzito kabisa ili besi isikike huichosha spika na kutikisa madirisha, na noti haionekani. Kata kila kitu chini ya hezi 35 hivi, ongeza kidogo kwenye hezi 80 hadi 100, kisha tafuta mguso wa vidole kati ya hezi 700 na 1,000. Ukipenda mkwaruzo, chagua kifaa kinachoruhusu sauti safi ichanganywe pembeni, kwa kuwa mkwaruzo mara nyingi hupoteza uzito wa chini.

Kompyuta na simu

Anayetumia programu badala ya kisanduku asichomeke gitaa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Sauti itakuwa nyembamba na yenye kelele, hata programu ikiwa bora namna gani. Kinahitajika kiunganishi cha sauti chenye tundu la gitaa, ambalo huandikwa INST au Hi-Z. Kuchelewa kwa sauti nako hutegemea mpangilio wa programu: kompyuta ikikusanya sampuli 512 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, hukawia milisekunde 10.7 katika hatua hiyo moja, na kwa sampuli 128 hukawia milisekunde 2.7. Kwa kulinganisha, sauti hutumia takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja hewani, kwa hiyo milisekunde chache si za kuogopwa. Hedifoni za Bluetooth ni jambo jingine. Ucheleweshaji wake mara nyingi huwa mkubwa kiasi kwamba mpigaji hujikuta nyuma ya ngoma. Tumia za waya.

Umeme

Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani au Japani kinaweza kuwa na adapta ya volti 120 au 100 pekee, na kuichomeka ukutani ni kuiunguza. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta: ikiandikwa 100–240 V, haina shida. Unaponunua adapta ya badala, volti za upande wa kifaa ziwe zilezile, uwezo wa mkondo usiwe chini ya unaotakiwa (ukizidi hakuna madhara), na mchoro wa chanya na hasi ulingane na uliopo kwenye kifaa. Pedali nyingi za volti 9 hutaka hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za redio na vifaa vya nyumbani. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Haki yako dukani

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akautegemea utaalamu wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo usiseme tu "nataka kifaa cha gitaa". Sema: ni cha besi ya nyuzi tano, kitaunganishwa moja kwa moja na mikseri ya kanisa. Omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au karatasi ya mauzo, pamoja na jina kamili la kifaa, namba yake ya utambulisho na muda wa dhamana. Risiti iwe ya EFD.

Kifaa kilichotumika kina hadhari yake. Baadhi ya programu na sauti za ziada hufungwa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza, na hazihami kifaa kinapouzwa. Mwombe muuzaji aingie kwenye akaunti mbele yako, akifungue kifaa na kukihamishia kwako, kabla hujalipa.

Kifaa kikionyesha kasoro, acha kukitumia na urudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti. Usikipeleke kwanza kwa fundi wa mtaani, kwa maana kifuniko kikishafunguliwa muuzaji atapata sababu ya kukataa dhamana. Shauri lisipomalizika dukani, liwasilishe Tume ya Ushindani kwa maandishi, ukiambatisha nakala za nyaraka zako na wala si nakala halisi. Boksi, kitabu cha maelekezo na adapta vitunzwe hadi muda wa dhamana upite. Kifaa kikirudishwa bila adapta yake, ubishi wa kwanza kaunta huwa ni huo.