Gari Lashuka Kilindini, Larudi na Muguka

Mgeni atokaye pwani akifika Maua, katika milima ya Nyambene, wakati wa mchana, jambo la kwanza atakaloliona si mirungi. Ni magari. Pikapu za Toyota Hilux zimejipanga kando ya njia, pua zimeelekea Nairobi, na kila moja ina watu wawili watatu wameizunguka. Huyu agonga tairi asikilize mlio wake, yule yumo uvunguni, mwingine akaza kamba za turubali. Nalisimama hapo na jamaa yangu wa Majengo, Meru, ambaye ndiye aliyenileta, nikadhani nimeletwa kwenye maonyesho. Akacheka, akaniambia nisubiri. Kwa hakika haukupita muda mrefu mahali pale pakabaki vumbi tu na majani ya mgomba.

Huko Japani, ndugu msomaji, wako watu ambao gari kwao ni kama ng'ombe kwa Mmasai. Mji wa Yokohama una kituo cha kuegeshea kiitwacho Daikoku, chini ya barabara kuu zinazopindana hewani. Usiku wa mwisho wa juma wenye magari hukutana hapo, wakafungua maboneti, wakatazamana injini na kusifiana mpaka polisi waje kufunga mahali. Wengi wao huyashusha magari yao hata yakakaribia kusugua lami, kwani huo ndio uzuri wenyewe. Meru na Embu gari hiyo hiyo hunyanyuliwa. Kule ni pambo, huku ni riziki, lakini macho ya mtu anayelitazama gari alilolitengeneza kwa mkono wake ni yale yale.

Mapenzi haya yana umri. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda mashindano ya Safari kwa Datsun, akarudia mwaka 1971. Shekhar Mehta akashinda mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun, na Joginder Singh akachukua ya 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kila Pasaka watu walisimama kandokando ya njia wakimwagiwa tope, nao wakaona kwa macho yao ni gari gani lipitalo na lipi libakialo mtaroni. Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 kwa Subaru, ikawa kama kwamba gari hilo limepewa uraia. Hata leo kijana wa Embu akiwa na Subaru, utamsikia kabla ya kumwona.

Lakini ukitaka kujua ufundi wa huku, achana na Subaru. Itazame Probox.

Toyota ilianza kuiunda gari hii mwaka 2002 kwa ajili ya maduka na makampuni ya Kijapani. Haina urembo wowote. Karibu na usukani kuna kimeza kinachovutwa, mchuuzi wa Kijapani apate kuweka chakula chake cha mchana. Iliundwa ibebe kilo 400, na watu wawili mbele. Nimeiona Embu imebeba magunia hadi darini, na siku nyingine abiria ambao sikuweza kuwahesabu, mmoja wao ameketi kiti kimoja na dereva.

Yawezekanaje? Fundi mmoja alinionyesha. Springi za nyuma za kiwandani hutolewa, zikatiwa nyingine nzito zaidi, na baina ya mizunguko yake hupachikwa vipande vya mpira. Gari likiwa tupu nyuma yake huinuka kama nge aliyekasirika. Likipakiwa hukaa sawa. Tairi hubadilishwa, taa kali zikaongezwa kwa ajili ya ukungu wa mlimani. Alizungumza juu ya kazi hiyo kama seremala wa Lamu azungumzavyo juu ya mlango, nami nikamheshimu. Kisha nikamwuliza juu ya breki. Akasema hizo ni za kiwandani, zatosha.

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Njia ya Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ni kushuka bondeni na kupanda, kushuka na kupanda. Kwenye daraja la Nithi, Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa Probox, wala halikubeba magunia. Lakini mteremko ni ule ule, na mwenye haraka ni mwenye mirungi.

Na haraka yake si ya ujinga. Mirungi ikishakatwa ina kama siku mbili tu kabla ya kupoteza thamani, hata ifungwe vizuri namna gani katika majani ya mgomba. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, soko la ng'ambo likapungua, na Somalia nayo ikafunga mlango tangu 2020 hadi 2022. Muguka wa Mbeere, ambao ni majani matupu na bei yake ni nafuu, ukazidi kutafuta njia ya kuja kwetu.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kwa kulia na vijana wanaopotea. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri, na serikali ya taifa ikashikilia kuwa hilo ni zao linalotambulika kisheria. Mimi ni mzazi wa pwani, na nimewaona watoto wa jirani wakitafuna tangu adhuhuri hadi alfajiri. Hata hivyo nalilala Embu katika nyumba iliyojengwa kwa muguka, yenye mtoto anayelipiwa karo kwa muguka, na chai nilikunywa.

Asubuhi mwenye nyumba alinipeleka stendi kwa Probox yake. Alipowasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu kubwa. Nikauliza anasema nini. Hajui, asema hivyo kila siku tangu gari liliposhuka Kilindini. Baadaye nilielezwa na mwuza magari wa Mombasa kuwa ni kifaa cha kulipia barabara za huko, chakumbusha kwamba kadi haijatiwa.